Mke Mwenza wa Shosho

Nina sufuria moja ambayo siazimi mtu. Ni ndogo, ya chai ya vikombe vinne, nzito kuliko inavyoonekana, na kifuniko chake hakijawahi kukaa sawa. Maji yakianza kuchemka kile kifuniko kinainuka, kinagonga, kinatulia, kinagonga tena, tak, tak-tak, tak, na mvuke wenye harufu ya majani na tangawizi unatokea pale kando palipopinda. Hapa kibandani kwangu Section 58, mtaa wa hapa Nakuru, wateja wanajua sufuria ya biashara ni ile kubwa. Hii ndogo ni yangu ya asubuhi, kabla sijafungua. Siku moja kondakta fulani aliwahi mapema akaisikia, akaniambia, "Madam, si ununue ingine? Hiyo inapiga kelele kama gari mbovu." Nilicheka sana, mpaka akadhani amenifurahisha. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikajifuta macho na aproni.

Wacha niwaambie ni kwa nini. Mimi si msomi, niliishia form two, na kuna siku nitanunua lori langu mwenyewe na hii chai nitawaachia wengine, lakini hiyo ni ya kesho. Hii ya leo naijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye ningeizuia na sikuizuia.

Siku hizo Nakuru ilikuwa bado mji, haijapandishwa cheo ikaitwa jiji. Babu yangu, tuliyemwita Guka, alikuwa akifanya kazi Kariandusi, kule wanakochimba yale mawe meupe mepesi kama mkate mkavu. Jioni alirudi na nyusi nyeupe, masikio meupe, mifuko myeupe mpaka ndani, na sisi watoto tulikuwa tunasema leo Guka amesonga ugali. Gari yake ilikuwa ndogo ya Kiingereza, ya zamani kuliko Baba, rangi ya kijani iliyofifia, mgongo wa mviringo kama kobe, na taa mbili za mbele zilizotoka kama macho ya mtu aliyeitwa jina ghafla. Ndani ilikuwa inanuka petroli, viti vya ngozi vilivyopasuka, na ndizi, kwa sababu Guka hakuwa mtu wa kurudi nyumbani bila ndizi.

Nyanya yangu, Shosho, aliiita ile gari mke mwenza. Guka akishinda Jumamosi nzima chini yake, miguu pekee ndiyo inaonekana, Shosho alikuwa anatutangazia, "Msimsumbue mzee, yuko kwa yule mwingine." Na kama mke yeyote mwenye mwenziwe, alikuwa na njia yake ya kupeleleza. Guka akiingia getini, Shosho hakumsalimia kwanza. Alipitia mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa moto wa kuchoma alisema, "Umetoka mbali leo," akaenda kumwekea chai. Ikiwa vuguvugu tu, alisema, "Kwani Kariandusi imehamia wapi siku hizi? Imekuja hapo kwa kona wanakochoma nyama?" Guka alikuwa anainua mikono kama mwizi aliyeshikwa. "Gari haifichi siri," alikuwa anasema. "Ni kama mtoto."

Halafu presha ya macho ikamshika Shosho, pole pole, kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kimoja kimoja. Mchezo wa kiganja ukawa si mchezo tena. Ndiyo ikawa njia yake ya kumwona mzee wake amefika. Lakini hata kabla ya kiganja kulikuwa na masikio. Ile injini ilikuwa na ugonjwa wake: ilipiga mara tatu, ikaruka moja, kama mzee anayepanda ngazi na goti moja bovu. Tuk-tuk-tuk, halafu kimya kidogo. Tuk-tuk-tuk, halafu kimya. Sisi wenye macho tukiwa hatujaona kitu, Shosho ameshasikia kutoka kona ya barabara. "Wajina," ananiambia, "weka maji."

Aliniita wajina kwa sababu yeye ni Njoki na mimi ni Njoki. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo Baba hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja. Mtu hawezi kuita jina la mama yake ovyo ovyo uani. Aliniita mimi Mami, akamwita na Shosho Mami, na akisema "Mami, chai" tulikuwa tunasimama sisi wawili. Shosho alikuwa anasema mimi na yeye ni mtu mmoja aliyegawanywa, yeye akapewa miaka, mimi nikapewa macho.

Guka alituacha nikiwa na miaka tisa. Aliugua siku chache tu. Tulimzika Dundori, kwa kashamba kake, juu kule kwenye baridi na viazi na njegere tunazoziita minji. Gari ikabaki uani, chini ya kibati cha kuegesha, na vumbi jeupe la Kariandusi bado liko kwenye mishono ya viti.

Kila Jumapili tukitoka kanisani Shosho alikuwa anaketi kwa stuli karibu na mlango wa jikoni na kikombe cha chai. "Washa," anamwambia Baba. Baba anawasha. Ile injini inakohoa, inakataa, inakubali, halafu inaanza wimbo wake wa goti bovu. Shosho anakunywa chai polepole huku inanguruma. Akimaliza anamwaga matone ya mwisho chini, anasema, "Haya, zima." Ilikuwa hivyo, kila Jumapili, kikombe kimoja. Mimi niliona ni mtu anakunywa chai. Baba naye, nafikiri, aliona ni mama yake anapenda gari.

Siku ya kutimiza mwaka mmoja Shosho alisema anataka kwenda kumwona mzee Dundori, na anataka kwenda na gari yake. "Si na matatu," alisema. "Nikifika na matatu ataniuliza nimetoka wapi." Tukapanda wote, Shosho mbele, mimi na Mama nyuma na mche wa maua ndani ya mkebe. Mpaka Lanet tulienda vizuri. Mlima ulipoanza, injini ikaanza kuruka mapigo mawili badala ya moja, halafu ikatoa moshi wa buluu kama mtu amechoma manyoya ya kuku. Baba akashuka, Mama akashuka, mimi nikashuka, watu wawili waliobeba magunia ya viazi wakaweka chini wakaja kusukuma. "Kidole kimoja hakivunji chawa!" mmoja wao akapiga kelele, tukasukuma. Gari ikapanda hatua ishirini, ikakataa. Tuliigeuza tukarudi Nakuru tukiteremka na injini imezimwa. Shosho alikuwa amepakata ule mkebe. "Si kitu," alisema. "Amezoea kungojwa. Naye angoje."

Alisema kwa mzaha, lakini Baba hakucheka. Niwaambie kitu juu ya Baba. Alikuwa mtu wa mluzi. Akinyoa ni mluzi, akifunga viatu kwenda kazini godauni ni mluzi. Tangu tutoke Dundori na majembe yakiwa na udongo wa kaburi, sikuwa nimeusikia. Jioni ile alienda kumwita rafiki yake Karis, fundi wa magari na wa kuchomelea, mwenye kibanda kule kwa mafundi wa jua kali. Karis akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Boss, hii injini imechoka. Hii hata ukiipeleka kwa pasta, ataiombea safari njema tu."

"Itoe basi. Tuweke nini?"

"Kuna moja ya Kijapani. Gari yake iligonga punda huko Lanet. Bodi imekwisha, lakini injini iko fiti kabisa."

"Na punda?"

"Punda pia yuko fiti."

Baba akacheka. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu mazishi. "Na itatoshea humu?"

"Mzee, hakuna kitu haitoshei. Ni kukata na kuunganisha tu."

Baba akanivuta kando, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Mami, hii ni sapraizi. Shosho asijue mpaka siku tunampeleka Dundori. Akikuuliza, betri ya gari ya Guka imepelekwa kuchajiwa. Na hizi kelele ni gari ya mteja wa Karis. Tumeelewana?" Tulielewana sana. Nilikuwa na miaka kumi na hakuna aliyewahi kuniamini na siri kubwa hivyo. Nilihisi nimeajiriwa.

Kazi yangu ilikuwa ulinzi. Shosho akitokea mlangoni na fimbo yake mimi nilikuwa naimba wimbo wa Sunday school kwa sauti kubwa, na nikiimba, Baba na Karis wanaacha kusema mambo ya Guka, au wananyamaza kabisa na spana mkononi kama watu wanaopigwa picha. Niliimba siku hizo mpaka nikakauka koo. Shosho anasimama, anainamisha kichwa, anasikiliza. "Wajina, siku hizi umeokoka kweli kweli," ananiambia. Mimi naziba mdomo nicheke.

Walisimamisha miti mitatu ya blugamu juu ya gari, wakaifunga pamoja kileleni, wakaning'iniza mnyororo wa kuinulia. Ile injini ya Guka ikatoka Jumamosi mchana, inaning'inia, inadondosha oil nyeusi kama machozi ya mtu mwenye wanja. Waliiweka kando ya tangi la maji, wakaifunika turubai. Halafu ile ya Kijapani ikashuka pahali pake, na hapo ndipo Karis alipoanza kumeza maneno yake mwenyewe, kwa sababu haikutoshea. Ilikuwa ndefu. Wakasogeza rejeta mbele mpaka ikagusana na taa. Wakakata chuma cha chini na kuchomelea kingine cha kuishikilia. Giabox ilikuja na injini yake, kwa hivyo gia ikatokeza pahali ambapo haikuwa na shimo, wakatoboa shimo jipya sakafuni, na kwa siku kadhaa ungeweza kukaa kiti cha dereva ukaona kuku wakipita chini. Mwishowe boneti ikakataa kufunga. Karis akaikata katikati, akachomelea juu yake kipande cha karai la zamani kwa nyuma, kikatokeza kama nundu ya ng'ombe. "Hiyo ni staili," akasema. Baba alikuwa na grisi mpaka kwenye meno. Na alikuwa anapiga mluzi, wenzangu. Asubuhi mpaka jua linakwenda kuzama nyuma ya nyumba, mluzi.

Shosho aliniuliza mara tatu. Nataka mkumbuke hiyo, mara tatu.

Mara ya kwanza tulikuwa tunakunywa uji. "Wajina, na gari ya Guka wako iko aje?"

"Betri imeenda kuchajiwa, Shosho."

"Aa. Na vile vingine vya ndani viko salama?"

"Viko."

"Vikisogezwa utaniambia?"

"Nitakuambia."

Mara ya pili alienda kunawa kwa tangi, na fimbo yake ikagonga turubai. Nilikuja mbio nikiimba. Akaishikilia fimbo palepale. "Hapa kuna nini?" Nikasema ni mbao za Mama za kutengeneza nyumba ya kuku. Akanusa. "Mbao za siku hizi zinanuka oil," akasema, akaniacha nimshike mkono nimrudishe.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa jioni, tunachambua minji mimi na yeye, Baba yuko uani anakaza nati. Shosho aliacha kuchambua. Akanitafuta uso na vidole vyake vyenye harufu ya minji mbichi.

"Wajina, kama kuna kitu unataka kuniambia, niambie mimi. Sitamwambia mtu. Hata Baba yako hatajua."

Neno lilikuwa limefika mdomoni. Nakumbuka ladha yake. Halafu nikasikia ule mluzi pale nje, na nikaona siku ya Dundori kichwani mwangu, Shosho anapiga makofi, Baba ananibeba begani, na mimi ndiye mlinzi aliyelinda siri mpaka mwisho. Nikalimeza.

"Hakuna kitu, Shosho. Lakini siku hiyo utaisikia gari ya Guka."

"Nitaisikia?"

"Utaisikia. Nakuahidi."

Akarudi kwa minji yake.

Kesho yake Karis akaja na mkokoteni. Walikuwa wamekubaliana na Baba kwamba kazi yote ya kuchomelea italipwa na ile injini kuukuu. Upande wa pili wa kibanda chake ndugu yake alikuwa anayeyusha aluminiamu na kuimwaga kwa mchanga, anatengeneza sufuria. Wanaume watatu waliinyanyua injini wakiguna. Shosho alikuwa ndani. Mimi nilisukuma mkokoteni kutoka nyuma mpaka getini, nikiimba.

Wiki mbili baadaye siku ikafika. Jumapili baada ya kanisa, Shosho kwa stuli yake, kitambaa cheupe kichwani, kikombe mkononi. Baba ameoga, amevaa shati la harusi. Karis amekuja kushuhudia. Baba akaingia ndani ya gari, akageuza ufunguo, na injini ikawaka papo hapo. Haikukohoa, haikukataa. Ilinguruma laini, sawasawa, kama cherehani ya fundi mzuri. Karis akapiga makofi, Mama akapiga kigelegele, mimi nikarukaruka kama mbuzi.

Shosho hakunywa chai. Aliweka kikombe chini, kimejaa, akasimama. Nilimshika mkono nikampeleka mbele ya gari. Kiganja chake kikashuka polepole kutafuta boneti aliyoijua, kikapata ile nundu ya karai. Akaizunguka na vidole, mara moja, mara mbili, halafu akaipigapiga kidogo, kama mtu anavyompigapiga kichwani mtoto wa mgeni.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Haikohoi."

"Haikohoi hata kidogo, Mami! Hii tunapanda Dundori na gia ya tatu!"

"Na ile ingine?"

"Gani?"

"Ile ya baba yako."

"Aa, ile nilimpatia Karis. Ilikuwa chuma kuukuu tu."

Shosho akatingisha kichwa kukubali, mara kadhaa, zaidi ya zile zinazohitajika. "Sawa," akasema. "Twendeni tusichelewe."

Mlima wote tuliupanda bila shida. Pale tulipokwama mara ile Baba alipiga honi mara mbili kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma ya Shosho, nikainama karibu na sikio lake. "Shosho, si nilikuahidi? Umeisikia?"

Alichukua mkono wangu kutoka begani mwake, akaushikilia. "Nimesikia gari, wajina," akasema.

Kaburini kulikuwa na upepo. Mama alipanda ule mche wa maua, Baba akachota maji. Shosho aliweka kiganja juu ya udongo, vile vile alivyokuwa anakiweka kwa boneti, akaanza kuongea na mzee kama wanaongea jikoni, bila kupaza sauti na bila kuficha.

"Nimekuja. Umengoja sana, pole. Mke mwenza wangu hakuweza kuja, leo nimekuja peke yangu. Nimeletwa na mgeni. Ni mgeni mzuri, usimfukuze, ana nguvu za kupanda mlima."

Baba alikuwa nyuma yake na debe la maji. Nilimwona uso. Sijui kama mshawahi kuona mtu mzima akielewa kitu chote kwa mara moja. Maji yalikuwa yanamwagikia viatu vyake vya kanisani na hakuyasikia.

Jumatatu asubuhi hakwenda kazini kwanza, alienda kwa jua kali, na mimi nikamfuata mbio na sare ya shule. Karis alikuwa anavaa ovaroli.

"Karis, ile injini ya mzee. Naomba unirudishie. Nitakupa kitu kingine chochote."

Karis alitazama chini. "Boss, si ungesema mapema? Ile tuliivunja na nyundo siku ile ile. Chuma kilipakiwa kwa lori la Nairobi. Pistoni zote nne ziliingia motoni." Akaenda upande wa ndugu yake, akarudi na sufuria ndogo na kifuniko chake. "Hii ilimwagwa siku hiyo. Humu kuna pistoni za mzee. Na za matatu mbili tatu, siwezi kukudanganya."

Baba aliileta nyumbani mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake. Ni mimi nilimweleza Shosho hiyo sufuria ni nini. Aliipapasa nje na ndani. "Wajina," akasema, "weka maji."

Nikaweka. Tulikaa watatu karibu na jiko. Maji yakachemka, kifuniko kikaanza, tak, tak-tak, tak. Shosho akainamisha kichwa upande wake wa sikio zuri, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Haifanani," akasema mwishowe. Baba akaweka uso mikononi. Shosho akatafuta kichwa chake, akakipata. "Lakini inajaribu."

Tangu siku hiyo, ikifika Jumapili, hakusema tena "Washa." Aliketi ndani karibu na jiko na ile sufuria. Msimu wa mvua uliofuata tukampeleka Dundori kukaa na mzee wake, Baba akiendesha ile gari ndogo nyuma ya jeneza, pole pole, na injini ya Kijapani haikukohoa hata mara moja. Mpaka leo iko, na inawaka ukigusa tu ufunguo. Hiyo ndiyo shida yake.

Kuna kitu kingine, nacho nilikijua juzi juzi tu, nikiwa mtu mzima mwenye kibanda changu. Mama alikuja kunisaidia kuchambua minji, tukawa tunaongea juu ya Shosho, nikamwambia vile nilivyokuwa naimba ili asijue. Mama akaacha kuchambua.

"Njoki, Shosho alijua."

"Alijua nini?"

"Vyote. Siku ile ya mnyororo alikuwa dirishani. Aliniambia amesikia injini ya mzee ikitoka, na akajua ikitoka hivyo hairudi. Nikamwambia, basi tumwambie huyu mtoto wako aache. Akaniambia, 'Umesikia mluzi? Tangu tumzike baba yake hajapiga mluzi. Sasa mimi nitoke hapo nje nimzime?'"

"Na si ungemwambia Baba wewe?"

"Alinifunga mdomo. Alisema injini mpya iwekwe tu, haina ubaya. Alitaka tu ile ya zamani ibaki hapo kando ya tangi, hata chini ya turubai, awe anaenda kuiwekea mkono. Lakini hakutaka kuomba mwenyewe, Baba yako angejua sapraizi imekwisha. Alisema wajina wake atamwambia, kisha watapanga wao wawili."

Nilitoka nje nikasimama barabarani kama mtu anayengoja wateja.

Mara tatu. Kumbe hakuwa ananiuliza gari iko wapi. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi nikaimba. Kulikuwa na watu wawili wenye jina moja katika ile nyumba, mmoja anajua na anangoja kuambiwa, mwingine anajua na anaona raha kunyamaza, na katikati yao injini chini ya turubai, wiki tatu nzima, ikingoja neno moja la mtoto. Nilidhani nalinda furaha yake. Yeye ndiye alikuwa analinda ya mwanawe, na yangu pia, maana hata baada ya Dundori hakuwahi kuniambia, "Si nilikuuliza?"

Simu ya Baba ya siku hizo ilikuwa inaweza kurekodi sauti. Nilijirekodi nikiimba kwaya mara nyingi tu. Ile injini hakuna aliyewaza kuirekodi. Nani hurekodi kitu kinachorudi nyumbani kila jioni? Sasa nikijaribu kuikumbuka naipata vipigo vitatu, halafu ule ukimya, na siku zingine naupata ukimya peke yake.

Mimi ni mtu wa kucheka, wateja wangu watawaambia. Lakini asubuhi, kabla sijafungua, naweka maji kwa ile sufuria ndogo na kungoja. Kifuniko kinagonga. Haifanani. Nazima moto, naweka kiganja changu juu yake, moto wa kuchoma, nakiacha pale kadiri ninavyoweza kuvumilia.

"Umetoka mbali leo," naiambia.